Kadi Hewa ya Havrup

Mtambo wetu wa upepo ulisimama mwishoni mwa Januari, na haukusimama kwa kukosa upepo. Huku magharibi ya rasi ya Jutland upepo ndio kitu cha mwisho kukosekana. Ulisimama kwa sababu kadi ya mtandao iliyokuwa ndani ya kompyuta, chini ya mnara, iliungua. Ni kipande cha bati na plastiki kisichozidi kiganja. Nilikwenda mjini nikanunua kingine, nikakichomeka, kompyuta ikawaka bila shida, kisha programu inayouendesha mtambo ikakataa kufunguka. Iliandika kwenye skrini kwamba leseni yake si ya mashine hii.

Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake, na hakuna nyingine duniani yenye namba hiyo. Leseni yetu ilikuwa imefungwa kwenye namba ya kadi iliyoungua. Nikapiga simu kwa kampuni. Waliotuuzia programu walishamezwa na wengine, na hao wengine nao walishamezwa, kwa hiyo aliyepokea simu alikuwa bwana mmoja mpole ambaye hajapata kulisikia jina la Havrup.

"Leseni hiyo ilitolewa kwa kadi," akasema.

"Ilitolewa kwa chama. Chama cha Mtambo wa Upepo cha Havrup. Sisi ndio tuliolipa."

"Nakuelewa, bwana. Ila kwenye kumbukumbu zetu mwenye leseni ni kadi."

"Kadi imekufa."

"Pole sana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akanieleza kwamba wana mfumo mpya, mzuri sana, na kwamba mfumo huo hauelewani na mitambo ya umri wa wetu.

Zege la msingi wa mnara ule tulilimwaga sisi. Mimi nilikuwa na koleo, na nilikuwa bado nafanya kazi kwenye kichinjio cha nguruwe, kabla wenye kichinjio hawajagundua kwamba kuna nchi ambako visu hushikwa kwa ujira mdogo zaidi. Mnara ni wetu, upepo hauna mwenyewe, na bado kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeshikilia namba, na kwa namba hiyo akaweza kuusimamisha. Naliandika jambo hili bila kupandisha sauti. Sauti niliipandisha wakati ule, na haikusaidia.

Lazima niseme pia nani angeumia. Nyumba iliyo karibu kabisa na mtambo, ng'ambo ya shamba la shayiri, ni ya Bodil Nørskov. Nasema ni yake kwa mazoea. Kiwanja ni cha chama. Tulipoanza, Bodil na marehemu mumewe walikiuza kwa chama ili mnara upate pa kusimama, na kwenye mkataba ikaandikwa kwamba wataishi humo muda wote chama kitakapokuwa na mtambo pale. Hakuna aliyefikiri kwamba chama kingeacha kuwa na mtambo. Sasa kampuni moja ya mjini ilikitaka kiwanja kile. Ilitaka kujenga mitambo mitatu mirefu mara tatu ya wetu, na karibu na minara ya kimo hicho hairuhusiwi kukaa mtu. Chama kikiuza, nyumba ya Bodil inabomolewa. Hapakuwa na njia ya katikati.

Mwenyekiti wetu ni Mogens Dahlsgaard, mfugaji wa nguruwe, mtu mstaarabu anayesalimia kila mtu kwa jina. Aliweka pendekezo la kuuza kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mwaka, mwezi Machi, kipengele cha tano. Hoja yake ilikuwa fupi: mtambo uliosimama ni chuma chakavu, na chuma chakavu hakina haki ya kumng'ang'ania mtu.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi ya kufanya kabla ya Machi.

Sikusoma shule ya kompyuta. Kichinjio kilipofungwa walitupa kozi ya kutufundisha namna ya kuandika barua za kuomba kazi, nami nikatoka katikati ya somo, nikaenda maktaba. Niliazima vitabu vya Linux kwa sababu mkutubi aliniambia ni mfumo wa kompyuta usio na tajiri. Nilivisoma kwa hasira, na nawahakikishia kwamba hasira ni mwanga mzuri wa kusomea. Tangu hapo kompyuta za chama ni zangu kuzitunza.

Siku niliyopata dawa ya mtambo, Bodil alikuwa amenifungulia mlango wa mnara. Ufunguo hukaa kwake. Alikalia ndoo aliyoipindua, mikono ndani ya mikono ya koti, maana chini ya mnara ni baridi kama ndani ya pipa la chuma.

"Unafanya nini hasa?" akauliza.

"Naumba kadi isiyokuwepo."

"Isiyokuwepo itatufaa nini?"

"Itakuwa na namba."

Nikamweleza. Ndani ya Linux unaweza kuiambia kompyuta kwamba ina kadi nyingine ya mtandao, ingawa hakuna kilichochomekwa. Kompyuta haibishi. Inaiorodhesha pamoja na za kweli, inaipa jina, na ukitaka unaipa namba yoyote uipendayo. Ni kama wafanyakazi hewa katika ofisi za umma: kazini haonekani mtu, lakini kwenye karatasi ya mishahara jina lipo, na mhasibu anatazama karatasi, hatazami kiti.

"Kwa hiyo unampa marehemu kitambulisho," akasema Bodil.

"Nampa mwingine kitambulisho cha marehemu."

"Si wizi huo, Palle?"

"Tulilipa."

"Nimeuliza tu. Kwa sababu Mogens atauliza, na yeye hataridhika na jibu la neno moja."

Mstari wa kwanza wa amri nilioandika ukaiumba kadi hewa. Wa pili ukaipa namba ya ile iliyoungua. Wa tatu ukaiamsha. Nikaifungua programu, nayo ikafunguka bila neno, kama mtu anayerudi nyumbani na kukuta kila kitu mahali pake. Mistari ile niliihifadhi kwenye mipangilio, ili isomwe kila kompyuta inapowashwa.

Nikafanya na jambo moja zaidi. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na daraja, ndivyo linavyoitwa, nalo pia si kitu cha kushika. Kazi yake ni kuziunganisha kadi ziongee kana kwamba ziko kwenye waya mmoja. Nikaitia kadi hewa kwenye daraja lile pamoja na kadi ya kweli. Nilidhani programu itataka kupitia humo ili iufikie mtambo. Daraja likachukua namba ya kadi hewa na kuanza kusema na dunia kwa namba hiyo. Niliona, na sikuona ubaya. Nje mapanga ya mtambo yalianza kuzunguka, Bodil akainuka kwenye ndoo yake, akatoka kwenda kuyatazama, akarudi.

"Yanazunguka," akasema. "Sasa nenda kanywe kahawa, umekuwa wa bluu kwa baridi."

Mwezi uliofuata kadi ya Skarum nayo ikaungua. Skarum ni kijiji cha jirani, ng'ambo ya kinamasi. Wana chama kama chetu, mtambo wa umri ule ule na programu ile ile. Mwenyekiti wao ni Ingelise Bro, mwanamke anayefuga nyuki na asiyependa maneno mengi. Akanipigia simu.

"Kampuni inasema leseni ni ya kadi," akasema.

"Nawajua. Walikupa pole?"

"Walinipa."

Nikampa kila kitu: mistari mitatu, namna ya kuitia kadi kwenye daraja, faili la leseni yetu, na namba. Kuitumia leseni yao wenyewe na namba yao ingekuwa safari ndefu, kwa sababu faili lao lilipotea na kompyuta ya zamani, na letu lilikuwepo. Sikuomba chochote. Kitu kilichonunuliwa na wakulima wa kijiji kimoja kikiwafaa wa kijiji cha pili bila kupungua, sioni kwa nini kifichwe. Kwa hiyo zikawa kompyuta mbili, kila moja ikiamini ina kadi ile ile, na hakuna aliyedhurika, maana kati yao kulikuwa na kinamasi kizima.

Mogens alikuja kwangu akiwa na mkate mweusi wa nafaka ya rai aliotumwa na mkewe. Akakaa jikoni.

"Mtambo unazunguka, nimeona, na nakupongeza," akasema. "Ila wewe una umri gani sasa?"

"Unaujua."

"Na unavuta sigara."

"Mogens, sema ulichokuja kusema."

"Bima wanataka watu wawili wanaoujua mtambo. Sisi tuna mmoja, na huyo mmoja anakohoa. Ukianguka kesho, nani ataenda pale chini? Bodil na ndoo yake?"

Hoja ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo liliniudhi. Nikamwambia nitakuja na jibu mkutanoni. Jibu lilikuwa Skarum. Ningechimba handaki, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya mtandao wa kawaida, kutoka daraja letu hadi daraja lao, mpaka mitambo miwili iwe kama iko kwenye waya mmoja, na Ingelise aione yote miwili kwenye skrini moja jikoni kwake. Mimi nione yao, yeye aone yetu. Watu wawili, vyama viwili, macho manne.

Mogens akacheka alipousikia mpango huo dukani mbele ya watu.

"Jamani, huyu si ndiye aliyetujazia makaratasi milangoni miaka yote kwamba kuunganisha ndiko kulikoua maziwa ya Havrup?"

"Yale yalikuwa kumezwa," nikasema. "Haya ni kuungana."

"Ng'ombe hajui tofauti, Palle."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu ilichekesha. Lakini maziwa ya Havrup hayachekeshi. Kiwanda cha maziwa kilikuwa cha wakulima wenyewe, kila mtu kura moja, awe na ng'ombe mmoja au mia. Mwaka sabini na moja uliitishwa mkutano wa kukiunganisha na kile kikubwa cha mjini. Baba yangu alikwenda amevaa suti. Waliokuwa ukumbini wengi walikataa. Kisha mkulima mmoja mkubwa akatoa mfukoni rundo la kura za watu ambao hawakuja, kila moja imetiwa sahihi kwa heshima zote, na kiwanda kikaondoka. Baba alirudi nyumbani akavua suti, akaitundika, akaenda kukamua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa hiyo tulipoanzisha chama cha mtambo, mimi ndiye niliyesimama nikataka iandikwe kwenye katiba yetu: hakuna kura ya mfukoni. Anayehesabiwa ni mkono ulioinuliwa ndani ya ukumbi, na asiyekuwepo hayupo. Ikapita bila mpinzani.

Handaki nililichimba siku mbili kabla ya mkutano. Mtambo wa Skarum ulikuwa umezimwa wiki nzima kwa kubadilishwa mafuta ya gia, na kompyuta yao pia ilikuwa imezimwa, lakini kifaa cha upande wao cha kupokea handaki kiliitika vizuri. Nikaona njia iko wazi. Nikalala.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kijiji, ambao una madirisha makubwa upande wa magharibi na kwa hiyo una mtambo wetu ukutani kama picha. Vitambaa vyeupe, bendera ndogo mezani, keki tatu za matabaka kwenye meza ya pembeni ambazo hazikatwi mpaka kipengele cha nne kiishe. Tulikuwa wanachama thelathini na mmoja. Ingelise alialikwa kama mgeni, bila kura. Bodil alikaa safu ya mbele, mkoba magotini, kama mtu aliyeketi kwa daktari.

Kipengele cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu, taarifa ya mtambo, niliwasha projekta. Nikawaonyesha picha ya mtambo wetu na kasi yake, na pembeni mahali pa Skarum, bado pa kijivu. Nikawaambia bima wamepata watu wao wawili. Ingelise akasimama, akasema maneno matatu, "Tuko tayari, karibuni," akakaa.

"Na huo wenu bado ni wa kijivu," akasema Mogens.

"Fundi amemaliza mafuta leo," akajibu Ingelise. "Makamu wangu yuko pale, anawasha sasa hivi."

Na kweli mahali pa Skarum pakageuka kijani. Watu wakapiga makofi, si mengi, lakini kwa Havrup makofi yoyote kabla ya keki ni mengi. Mitambo miwili ilizunguka ukutani, na wa kwetu ukazunguka na dirishani. Nilimwona Bodil akilegeza mkono kwenye mkoba.

Kisha tarakimu zikaanza kuruka. Kasi yetu ikaonekana kwao, yao ikaonekana kwetu, halafu sehemu zote mbili zikawa nyekundu. Programu ikipoteza mawasiliano na mtambo, mtambo husubiri kidogo kisha hujifunga breki. Umeundwa hivyo, kwa usalama. Watu waliacha kuutazama ukuta wakageukia dirishani. Mapanga yalipunguza mwendo bila haraka yoyote, yakasimama, moja likielekeza chini kabisa kama kidole.

"Kipengele cha nne," akasema Mogens, kwa sauti ya kawaida. Sitamsingizia, hakutabasamu.

Cha nne kilikuwa uchaguzi wa mkaguzi wa hesabu, akachaguliwa yule yule. Ikawa kahawa. Keki zikakatwa.

Nilifungua kompyuta yangu kwenye kona ya jukwaa, karibu na piano. Haikuchukua muda kuona. Namba ile moja ilikuwa inaitika kutoka pande mbili. Madaraja mawili, letu na la Skarum, yote yakisema kwa namba ya kadi iliyokufa, na sasa yakiwa kwenye waya mmoja. Barua za mtambo wetu zilikuwa zinapelekwa Skarum, na za Skarum zinakuja kwetu, na kila zilipofika zilitupwa. Vifaa vinavyogawa njia havikuwa na kosa. Vilikuwa vinamtafuta mtu mmoja, na watu wawili wanajiita huyo huyo.

Ingelise alikuja na kikombe. Akatazama skrini.

"Ni ile namba uliyonipa," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa zawadi nzuri. Sasa kata handaki, kila mtu abaki na yake."

"Nikilikata sina watu wawili. Nikisimama pale mbele kwenye cha tano nitasema nini?"

"Utasema mtambo unazunguka."

Sikulikata. Nilitaka vyote viwili. Niliona kwamba inatosha kulitoa daraja letu kwenye ile namba, na ili kuligeuza nikalishusha kwanza, yaani nikalizima, kutoka pale ukumbini, kwa mbali. Nilikuwa naifikia kompyuta ya mnara kupitia daraja hilo hilo. Nililishusha nikiwa nimesimama juu yake. Skrini ikaganda na hakukuwa na mtu wa kuniitikia tena.

Ilibaki njia moja, kwenda mwenyewe. Nikamfuata Bodil kwenye meza ya keki.

"Nipe ufunguo."

Akanitazama. "Kahawa ikiisha wanaanza cha tano."

"Najua."

"Ukitoka huhesabiwi."

"Wakiuona umesimama watauza, Bodil. Wanatazama dirishani."

"Kaa, Palle. Kaa uinue mkono."

"Dakika chache tu. Watauona unazunguka kabla hajamaliza kusoma pendekezo. Unamjua Mogens anavyosoma."

Hakuniambia tena nikae. Alifungua mkoba, akanipa ufunguo, akaufunga mkoba.

Nilikwenda kwa baiskeli na upepo ulikuwa usoni. Chini ya mnara nilivuta ndoo, nikakaa, nikafanya kilichotakiwa kufanywa tangu siku ya kwanza: niliitoa kadi hewa kwenye daraja, nikaiacha peke yake. Haina haja ya kuongea na yeyote. Programu inataka tu kuiona, isome namba, iridhike. Mazungumzo na mtambo yanapita kwenye kadi ya kweli, kwa namba ya kweli. Nikaliinua tena daraja. Likachukua namba ya kadi mpya niliyoinunua mjini. Skarum wakabaki na ile ya zamani, na hakukuwa tena na wawili wanaojiita mmoja. Handaki halikukatika. Mahali pote pawili pakawa kijani. Juu yangu nikasikia breki ikiachia na mnara mzima ukatetemeka kidogo, kama unavyofanya.

Nitasema kweli, nilifurahi. Niliwasha sigara mlangoni nikayatazama mapanga yakishika kasi. Niliamini kazi imekwisha.

Niliporudi ukumbini watu walikuwa wanavaa makoti. Mogens alikuwa anakunja kitambaa cha meza na mkewe, kila mmoja ameshika ncha zake.

"Tuliuona ukizunguka," akaniambia. "Wakati tunahesabu mikono. Kazi nzuri, Palle, nasema kwa dhati."

"Mmehesabu nini?"

"Ishirini waliotaka kuuza. Kumi waliokataa."

Kwa katiba yetu kuuza mali ya chama kunahitaji theluthi mbili ya waliomo ukumbini. Waliomo walikuwa thelathini. Ishirini ni theluthi mbili ya thelathini, haipungui hata nywele. Ya thelathini na mmoja si theluthi mbili. Hesabu hii niliifanya nikiwa bado nimeshika kofia ya baiskeli, na Mogens aliisubiri niimalize.

"Ungekuwepo isingepita," akasema. "Nilitazama mlango mara mbili. Siwezi kusubiri mtu mmoja, unaijua sheria. Imetoka kwako."

"Walikuwa wanautazama mtambo?"

"Nani?"

"Waliopiga kura. Walitazama dirishani?"

Akafikiri, kwa sababu ni mtu mstaarabu na anapoulizwa hujibu. "Baadhi. Sidhani kama ilibadilisha kitu. Watu huja wameshaamua, bwana. Wanachosubiri ni keki."

Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi. Miaka thelathini nilikuwa nawaambia watu wa Havrup kwamba mashine haiamui kitu, kwamba anayeamua ni mtu aliyeketi ukumbini na mkono wake. Niliyaandika hayo kwenye makaratasi, nikayapiga kwa mashine ya chapa, nikayatia milangoni kwao. Na siku yenyewe, mimi ndiye niliyekimbilia mashine. Ishirini hawakuuza kwa sababu mtambo ulisimama. Waliuza kwa sababu bei ilikuwa nzuri na nyumba haikuwa yao.

Bodil alikuwa jikoni mwa ukumbi anafuta vikombe. Ilikuwa zamu yake kufuta vikombe, na zamu haibadiliki kwa kura. Nikamrudishia ufunguo. Aliukausha kwa taulo ile ile, maana mikono yangu ilikuwa na grisi.

"Tunaweza kupinga," nikasema. "Nitaandika. Mtambo ulisimama kwa hitilafu, mkutano ungepaswa kuahirishwa."

"Utaandika kwamba hitilafu ilitoka wapi?"

Akachukua kikombe kingine.

"Unajua walivyokuwa wananitazama wakati wa kuhesabu?" akasema. "Hawakutazama dirishani hata kidogo. Walikuwa wananitazama mimi, wajue kama nitalia. Kiti chako kilikuwa kitupu pembeni yangu. Nilikuwa na pa kuweka mkoba."

"Bodil."

"Chukua taulo. Vile vya pale bado vimelowa."

Nikachukua taulo. Tulifuta vikombe mpaka vikaisha, na Ingelise akaingia kuaga, akatuambia kwamba Skarum mtambo unakwenda vizuri, kisha akajutia kusema hivyo, akatoka.

Kampuni iliyonunua kiwanja ilikuja Septemba. Mhandisi wao alitaka nimwonyeshe namna ya kuuzima mtambo kwa utaratibu, nikamwonyesha. Akaiona kadi hewa kwenye orodha, akauliza iko wapi, maana haioni. Nikamwambia haipo. Akasema amewahi kuona nyingi za hivyo, akaifuta kompyuta yote. Nyumba ya Bodil ilivunjwa Novemba na mashine moja yenye mtu mmoja ndani, asubuhi, na kufikia saa ya chakula palikuwa tambarare. Yeye alishahamia kwenye chumba na jiko katika nyumba za wazee za mjini, ghorofa ya pili, upande ambao hauna upepo. Huwa naenda Jumapili. Ananipa kahawa na hanitajii mkutano ule, nami sijapata njia ya kuutaja.

Wale ishirini nawafahamu wote. Watatu walikuwa wameshika koleo pamoja nami siku ya kumwaga zege. Tunakutana dukani, tunasalimiana kwa majina, tunasema habari za mvua.